Masaa nane Mtwara: mwongozo kamili kwa aliyeshuka melini asubuhi na kuondoka jioni

Ukitoka geti la bandari ya Mtwara ukamuuliza kijana wa bajaji "mjini wapi hapa?", usishangae akikurudishia swali: "Unaenda upande gani, kaka? Sokoni, Shangani au Mikindani?" Si jeuri, wala hajakuona mshamba. Mji wetu umetawanyika. Waingereza waliupima mwishoni mwa miaka ya 1940 wakiwa na tamaa kubwa: bandari ya kina kirefu, reli mpaka Nachingwea, na karanga za kukamulia mafuta ya kwao. Mradi wa karanga ulianza 1947, ukafa 1951. Reli ikabaki inachechemea, nayo ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tulichorithi ni bandari nzuri, barabara pana, na mapengo makubwa kati ya mtaa na mtaa ambayo sisi wa leo bado tunayajaza kwa vibanda na nyumba za kupanga. Mgeni anayedhani atashuka na kuzurura kwa miguu kama yuko Mji Mkongwe Unguja, saa sita ya mchana inamkuta chini ya mwembe, kaloa jasho, hajaona kitu.

Nimefanya kazi ya kuhesabu shehena kwenye gati hilo kwa misimu kadhaa, na wageni wa siku moja niliwaona ni walewale. Baharia aliyepewa ruhusa ya kushuka. Abiria wa meli ya matembezi. Dereva wa lori la makaa ya mawe ambaye foleni yake haijafika. Mtumishi aliyekuja semina ikaisha kabla ya wakati. Wote wana masaa nane mkononi (walimu wa Kiswahili wanisamehe, nikiandika "saa nane" mtadhani ni mchana). Nimewaandikia hao. Na nianze na jambo ambalo mgeni haliamini mpaka limkute: siku yako Mtwara usiipange kwa saa ya mkononi. Ipange kwa maji.

Hatua ya kwanza: uliza maji

Kabla hujauliza nauli, hoteli wala kanisa, muulize mtu yeyote mwenye harufu ya samaki: "Leo bamvua au maji mafu?" Jibu lake ndilo ratiba yako.

Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku mbili tatu zinazofuata ndiyo linakuwa kali. Siku hizo bahari hupwa ikakauka kabisa kwenye saa nne asubuhi, halafu hujaa kwenye saa kumi jioni. Tofauti ya kina kati ya kupwa na kujaa hupita mita tatu, kwa hiyo pale ulipoona mtu anaogelea jana jioni, leo asubuhi utakuta kina mama wameinama wanachokoa pweza. Maji mafu ni kinyume chake. Mwezi ukiwa nusu, maji hujaa kwenye saa nne asubuhi na kupwa kwenye saa kumi, tena hayaendi mbali. Katikati ya hapo, kila siku maji huchelewa dakika kama hamsini kuliko jana. Ukijua mwezi una siku ngapi, unaweza kukisia bila kumuuliza mtu.

Kwa nini nalisisitiza hili? Kwa sababu vitu viwili vikubwa vya kuona hapa, ghuba ya Mikindani na ufukwe wa Shangani, vina sura mbili kila kimoja. Mikindani maji yakijaa ni kioo. Yakipwa ni tope, mitumbwi imelala ubavu, na harufu yake uizoee kwanza. Niliwahi kuwapeleka wageni watatu kutoka melini siku ya tatu ya mwezi mpevu, saa nne kamili asubuhi, nikiwa nimewasifia ghuba njia nzima. Mmoja aliangalia lile tope, akaniangalia mimi, akauliza bahari wameihamishia wapi. Tangu siku hiyo nauliza maji kwanza.

Basi ratiba ziko mbili.

Siku ya bamvua, asubuhi yote ifanye ya mjini: soko, korosho, vinyago, chai. Kwenye saa tano na nusu elekea Mikindani, maji yakiwa yanapanda. Ondoka huko saa nane mchana, pitia Shangani ujimwagie maji saa nane na nusu mpaka saa tisa, kisha rudi getini.

Siku ya maji mafu geuza. Toka getini nenda moja kwa moja Mikindani, ufike saa tatu. Zunguka mpaka saa tano, rudi Shangani uogelee, kula, halafu mchana mzima ni wa soko na manunuzi. Hii ndiyo siku rahisi zaidi, na ningekuwa na uwezo wa kuwachagulia wenye meli tarehe, ningewapa hii.

Hatua ya pili: patana saa

Kosa lililowahi kuacha watu nchi kavu si wizi wala ajali. Ni saa. Melini kuna saa ya meli, ambayo nahodha anaweza kuwa hajaigeuza tangu bandari iliyopita. Mtaani kuna saa ya Kiswahili. Mgeni akimwambia dereva kwa kidole na lugha ya kwao "tatu", yeye anawaza saa tisa alasiri. Dereva anasikia saa tatu. Saa tatu ya usiku anakuja kweli, kwa uaminifu kabisa, na bajaji kaiosha, anakuta gati tupu.

Kama wewe ni Mswahili unaongozana na wageni, kazi hii ni yako. Angalia saa ya ubaoni pale juu ya ngazi ya meli kabla ya kushuka, iandike, halafu na dereva patana kwa jambo ambalo halina lugha mbili. Mimi hutumia adhana: "Kabla ya adhana ya alasiri tuwe tumeshageuza." Hakuna dereva wa Mtwara, awe Mwislamu au Mkristo, atakayekosea hapo.

Na uwe getini saa moja na nusu kabla ya muda wa mwisho wa kupanda. Si kwa sababu tuna foleni kama ya Dar. Ni kwa sababu ya malori, nayaeleza sasa hivi.

Hatua ya tatu: getini, na vumbi jeusi

Zamani bandari hii ilikuwa na msimu mmoja. Korosho zikiiva, Oktoba mpaka Januari, meli zinakuja kuchukua ghafi kwenda India na Vietnam. Korosho zikiisha, makuli wanacheza bao. Siku hizi hakuna kulala. Kuna gati jipya la mita 300, kuna saruji ya kiwanda cha Dangote kilichopo Hiari, na kuna makaa ya mawe. Makaa yanatoka Ruvuma, upande wa Mbinga, zaidi ya kilomita 700 kwa barabara, yanapita Songea, Tunduru na Masasi mpaka kwetu. Vita ya Ukraine ilipoanza 2022 na nchi nyingi zikahaha kutafuta makaa, msululu wa malori ndipo ulipokuwa mkubwa kweli. Ndiyo maana serikali ikaamua kujenga bandari nyingine Kisiwa Mgao kwa ajili ya mizigo michafu, ili hii ya mjini ipumue.

Kwako wewe mgeni wa siku moja, maana yake ni hizi. Usivae nyeupe. Kama meli ya jirani inapakia makaa na upepo wa kusi unavuma, kanzu yako itakuwa ya kijivu kabla hujafika getini. Vaa viatu vya kufunika vidole, maana ndani ya eneo la gati kuna misumari ya mbao za kufungia mzigo na kreni juu ya kichwa. Ndala weka mkobani, utazivaa ukitoka. Na simu ibaki mfukoni mpaka umelipita geti. Bandari haipigwi picha ovyo, na mitambo ya gesi haipigwi kabisa. Ukikatazwa na mlinzi, usianze kumwelimisha kuhusu haki. Futa, sema samahani, endelea na safari.

Kitambulisho kibebe, si picha ya kitambulisho kwenye simu. Tupo jirani na mpaka wa Msumbiji, na tangu vita ya Cabo Delgado, jimbo la kaskazini mwa nchi hiyo, ianze 2017, ukaguzi njiani ni jambo la kawaida. Baharia abebe ile karatasi yake ya ruhusa ya kushuka, na aikunje vizuri isiloane na jasho. Nimeshaona iliyoyeyuka.

Hatua ya nne: usafiri

Bajaji inatosha watu watatu na ndiyo inayofaa kwa siku nzima. Bodaboda ni kwa mtu mmoja mwenye haraka na kofia ngumu. Daladala za Mikindani zipo na ni rahisi, lakini zinasubiri zijae, na wewe muda huna.

Usikodi kwa safari moja moja. Mwambie dereva: "Nataka kukuchukua mpaka alasiri, tunaenda Mikindani, Shangani na sokoni, na kusubiri kumo ndani. Bei gani?" Neno "kusubiri" litaje wewe kabla hajalitaja yeye, maana ndilo linaloleta ugomvi mwisho wa siku. Punguza kidogo kwa utani, usikamue. Mlipe nusu mwanzo ili aweke mafuta, nusu mkirudi. Chukua na namba yake ya simu, umpigie mbele yake iite.

Dereva mzuri atakuwa pia mwenyeji wako. Ukitaka azungumze njia nzima, mtajie gesi. Ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982. Bomba la kuipeleka Dar es Salaam lilikamilika 2015. Na katikati hapo, mwaka 2013, watu wa Mtwara waliingia barabarani kupinga isiondoke. Kila mtu mzima hapa ana la kusimulia kuhusu mwaka huo. Sikiliza. Usitoe hukumu, hukuwepo.

Hatua ya tano: Mikindani, na usiikimbilie

Ni kilomita kama kumi kutoka mjini, barabara ya lami iendayo Lindi na Dar. Malori ya makaa na ya saruji yote yanapita humo, na barabara inakatiza katikati ya mji wa kale, pembeni kabisa ya maji. Hapo ndipo ile saa moja na nusu yako inapolika. Lori moja likiharibika kwenye kona, mnakaa.

Mwambie dereva akushushe mwanzo wa mji, akakusubiri mwisho wake. Mikindani inatembewa kwa miguu.

Nyumba zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, boriti za mikoko, milango ya kuchonga, na chache bado zina roshani za mbao. Nyingi hazina paa. Zipo zilizobakiza ukuta mmoja na mlango, mlango umefungwa kwa kufuli, nyuma yake mpapai. Watu hupita hapo wakasema mji umekufa. Haujafa, angalia chini, utaona mikeka imeanikwa dagaa na watoto wanatoka chuo cha Kurani. Utajiri wa nyumba hizi ulitoka bara, kwa misafara iliyoshuka kutoka upande wa Ziwa Nyasa na nchi ya Wayao na pembe za ndovu, baadaye mpira. Na watumwa. Lipo jengo ambalo mpaka leo linaitwa soko la watumwa. Simama hapo kidogo, usipige picha za kuchekacheka.

Juu ya kilima kidogo kuna Boma la Wajerumani, la mwaka 1895, jeupe, lina mnara. Lilikuwa limechakaa likakarabatiwa kuwa hoteli. Omba kwa adabu kupanda juu; ukinunua hata soda, si rahisi kukataliwa. Kutoka huko ndipo utaelewa kwa nini mji ulikaa hapa: ghuba imejifunga pande zote, jahazi likishaingia halisikii kusi wala kaskazi. Na ndipo utaelewa pia kwa nini meli kubwa walizipeleka kwingine, kwenye kina cha Mtwara, na Mikindani ikabaki na mitumbwi.

Ukishuka, utaonyeshwa nyumba yenye kibao cha Livingstone. Alipita hapa 1866 akianza safari yake ya mwisho. Viongozi wa watalii wataishia hapo. Wewe ongeza nusu ya pili: hakurudi pwani akiwa hai. Alikufa 1873 huko iliko Zambia sasa, na waliobeba maiti yake kwa miguu mpaka Bagamoyo ni wenzake wa msafara, wakiwemo Chuma, Myao, na Susi, ambao walikuwa naye tangu kabla ya safari hiyo ya 1866. Kibao cha Chuma sijakiona Mikindani. Nimetafuta.

Adabu ya Mikindani ni ndogo ila haina mjadala. Mzee akikaa barazani, shikamoo kwanza, swali baadaye. Ukitaka picha ya mlango, piga hodi, maana nyuma ya ule mlango mzuri kuna mtu anapika. Dada vaa kinachofika chini ya magoti na beba khanga begani; kaka kaptura ya kuogelea iache Shangani.

Hatua ya sita: kula

Ukipita sokoni au stendi ya Mkanaledi asubuhi ukawaona kina mama wana beseni lililofunikwa kwa nailoni, linatoa mvuke, uliza kama ni ming'oko. Ni mizizi ya porini, myembamba kama vidole, inachemshwa. Unamenya, unachovya chumvi, au chumvi na pilipili. Mtu wa kusini akiwa mbali na kwao miaka kumi, anachokiota ni hicho. Mgeni mwingine ataonja aseme "mbona kama kiazi tu". Sawa, lakini umeonja.

Mchana tafuta mama lishe mwenye foleni ya madereva. Wali wa nazi na changu, au ugali wa muhogo na kisamvu. Ugali wa muhogo unateleza na unashiba haraka, kata tonge dogo. Upande wa Feri, wavuvi wanaposhusha, utapata ngisi na pweza. Chagua mwenyewe, kisha mpe mtu wa jiko akukaangie, na bei ya kukaanga patana kabla ya mafuta kuchemka.

Onyo moja la kindugu. Ukiambiwa kuna "samaki nchanga", jua kwamba huyo samaki hakutoka majini. Ni panya wa shambani. Wapo wanaompenda sana, hasa kuelekea Masasi, na sina neno nao. Nakwambia tu ujue unachoagiza.

Msimu wa mabibo, yale matunda ya mkorosho, utakaribishwa uraka, pombe yake. Ni mtamu na unapanda taratibu. Gongo acha, ni kosa kisheria na meli haikusubiri ulevuke. Na bibo lenyewe ukilila, inama mbele. Maji yake yakidondokea shati, doa hilo halitoki.

Hatua ya saba: korosho, na namna ya kutoibiwa

Hapa nitakaa, kwa sababu kila anayeshuka anataka korosho na wengi wanaondoka na takataka.

Jua kwanza kwa nini ni ghali hata hapa zinakolimwa. Kilo moja ya korosho safi, iliyobanguliwa, hutoka kwenye kilo kama nne za ghafi. Kila moja imechomwa au kuchemshwa, ikapasuliwa, ikakaushwa, ikatolewa ngozi ya ndani. Ganda lina mafuta yanayounguza. Waangalie mikono wabanguaji wa nyumbani, utaona. Mtu akikuuzia kwa bei ya karanga, jiulize amepunja wapi.

Ghafi, yaani zenye ganda, usinunue. Usishawishike hata kwa gunia dogo la kumbukumbu. Korosho ghafi zinauzwa kupitia vyama vya msingi vya ushirika na mnada wa stakabadhi ghalani, na anayenunua pembeni anaitwa kangomba, jina ambalo kusini hutaki kuitwa. Biashara hii ina uchungu wake. Mwaka 2018 bei ya mnada iligombewa mpaka serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaingia kusomba mzigo. Usije ukajitumbukiza humo kwa ajili ya mfuko wa zawadi.

Zilizobanguliwa, zikague hivi. Mimina kiganjani. Rangi iwe nyeupe ya pembe, na madoa ya hudhurungi yasizidi. Zile nzima ndizo ghali, nusu ni nafuu, vipande ni nafuu zaidi. Muuzaji mjanja anaweka nzima juu ya mfuko na vipande chini, kwa hiyo geuza mfuko. Vunja moja: ikilia "tak" ni kavu, ikipinda kama mpira ina unyevu na itaota ukungu kabla hujafika nyumbani. Nusa. Harufu ya mafuta yaliyochacha haidanganyi. Mwisho tafuna moja, subiri kidogo, usikie kama koo linawasha. Ikiwasha, mafuta ya ganda yameigusa wakati wa kubangua.

Za kula njiani nunua za kukaanga na chumvi. Za kupeleka nyumbani nunua nyeupe, ambazo hazijakaangwa, utakaanga mwenyewe kidogo kidogo. Funga mifuko miwili, kaza hewa itoke, na usiiweke karibu na dizeli wala sabuni. Korosho hunyonya harufu kuliko chai. Dereva mmoja wa makaa alipeleka kilo tano Songea chini ya kiti chake. Mkewe alizipa kuku.

Kupima, dai mzani. Wauzaji wa barabarani wanapenda kipimo cha kopo, na kopo lina chini ya uongo.

Vinyago

Mgeni hudhani akifika kwa Wamakonde atakuta vinyago vimejaa barabarani kama mahindi ya kuchoma. Hapana. Wachongaji wengi walihamia Dar zamani kufuata wanunuzi. Vilivyopo ni vichache na mara nyingi ni vizuri: ujamaa, wale watu waliopandana nguzo nzima kutoka kwenye gogo moja, na shetani, ambaye kila mchongaji anamwona kivyake. Mpingo ni mzito, kipande chake kikitiwa majini kinazama. Sugua sehemu ya chini kwa kitambaa kibichi. Kikitoka cheusi, umeuziwa kiwi ya viatu. Dai risiti, utaihitaji getini au uwanja wa ndege.

Kuvuka Msangamkuu, au kwenda Msimbati?

Msangamkuu ndiyo ile rasi ya minazi unayoiona ng'ambo kutoka mjini. Kivuko cha MV Mafanikio kinavusha watu na magari kutoka Feri, ni dakika chache tu. Ng'ambo kuna mchanga, minazi, wavuvi wanaoshona nyavu, na utulivu. Ikikubakia saa moja na nusu, nenda. Boti ndogo zipo pia. Ukipanda bila jaketi okozi, hilo ni lako.

Msimbati ni habari nyingine. Ni zaidi ya kilomita 40, ndani ya hifadhi ya bahari ya Mnazi Bay na maingilio ya mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000, na kuna ada ya kuingia. Mchanga wake umeshikamana kiasi kwamba gari linapita ufukweni maji yakipwa. Agosti mpaka Oktoba nyangumi hupita nje huko. Ni pazuri kuliko pote nilipopataja. Na kwa masaa nane, nakushauri usiende. Kwenda na kurudi kunakula nusu ya siku, mtandao wa simu unakatika njiani, na gari likizama mchangani maji yakianza kujaa, meli utaiaga kwa macho. Rudi siku nyingine, lala siku mbili.

Shangani, kabla ya kurudi

Shangani ni mtaa wa miti mikubwa na nyumba za zamani za wakubwa, na ufukwe wake upo wazi kwa kila mtu. Ogelea maji yakiwa yanajaa au yamejaa. Yakianza kupwa kwa kasi siku ya bamvua, toka, mkondo unavuta kuelekea mlangoni mwa ghuba. Vaa kitu miguuni; kuna matumbawe, na kuna urchini weusi (viumbe wa baharini wenye miiba) ambao mwiba wao ukikatikia ndani siku yako imeisha. Mwiba ukikuchoma, usichokonoe kwa pini ufukweni. Hospitali ya Ligula haiko mbali na hapo.

Pesa taslimu beba za kutosha katika noti ndogo. Pesa ya simu inapokelewa karibu kila mahali, lakini mama wa ming'oko hana muda wa kungoja ujumbe wako uingie.

Ukirudi getini, mlipe dereva nusu yake, kung'uta mchanga, vaa viatu vyako vya kufunika. Kama ulikuja na meli, usishuke chumbani kuoga mara moja. Baki juu. Mlango wa ghuba ni mwembamba, tagi zinaivuta meli polepole, na kwa muda mfupi utakuwa na Msangamkuu upande mmoja na Shangani upande wa pili, karibu kiasi cha kusikia watoto wakipiga mbinja. Kama ulikuja na lori, basi foleni imesogea magari mawili, na utingo wako ameshakula korosho.